Laini ina miaka 14, dogo kasajili juzi tu menyu yake ina MB karibu mara mbili ya zangu. Nihame au nitulie?

DadaVitenge_Mza:

Wakuu habari za jioni. Nina jambo limenikaa kooni toka jumapili nikaona nililete hapa.

Mi nauza vitenge na madera hapa Mwanza, biashara nusu iko dukani nusu iko WhatsApp, asubuhi napiga picha mzigo naweka status, mchana nashinda najibu "dada hii bei gani" za watu ambao nusu yao hawanunui lakini ndo hivyo unajibu tu huwezi jua. Kwahiyo bando kwangu siyo starehe ni kama nauli. Laini hii nimeinunua 2011, sijawahi kuizima, na ile purukushani ya alama za vidole mwanzoni mwa 2020 nilipanga foleni na mimba ya miezi saba ili wasinifungie. Namba yangu iko kwenye mifuko ya duka, iko ukutani, iko kwa wateja mpaka Bukoba huko.

Sasa mdogo wangu kaja likizo toka chuo, ana laini kasajili wiki mbili zilizopita, mtandao huo huo wangu (siutaji, mi siyo mtu wa kesi). Tunakula akasema dada lete simu tulinganishe. Tukaweka simu mbili pembeni ya bakuli la dagaa tukabonyeza menyu ile ile kwa pamoja. Kwangu buku MB 250 masaa 24. Kwake buku MB 480 masaa 24. Nikajua nimeingia sehemu siyo nikatoka nikaingia upya. 250 palepale. Dogo anacheka mpaka dagaa zinampalia.

Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikiliza mziki dakika 11 nzima, binti akapokea na sauti nzuri kweli akaniambia hizo ni ofa maalum kwa baadhi ya wateja. Nikamuuliza dada na mimi mwaka wa 14 siyo baadhi? Akaniambia naomba uendelee kufurahia huduma zetu.

Ivi hii ni halali kweli? Na nyie mliohama mtandao mkabaki na namba ile ile hebu niambieni ukweli kuna usumbufu gani, maana naogopa kupoteza wateja kwa hasira ya MB 230.

kibuyu2010:

Dada umechelewa kushtuka hahaha. Dogo anatongozwa, wewe ushaolewa. Umeona wapi mtu anamnunulia chipsi kuku mke wa miaka 14?

Hama tu, wakikuona mlangoni na begi ndo watakumbuka.

Mzee_wa_Posta:

Kibuyu utani pembeni kidogo, dada kauliza halali au siyo halali.

Chukua kalamu dada. Buku kwa MB 250 ni sh 4 kwa MB moja. Buku kwa MB 480 ni sh 2 na senti 8 hivi. Mwaka 2021 TCRA (mamlaka ya mawasiliano) waliweka bei ya chini na ya juu ya MB kwenye vifurushi, chini 2.03 juu 9.35. Umeona hapo? Wewe na mdogo wako wote mko ndani ya mstari. Tena wewe uko mbali na dari, yeye ndo kalala sakafuni kabisa, wangempa MB 20 zaidi wangevuka kwenda chini. Kwahiyo kwa mizani hiyo sheria haijavunjwa. Kati ya 2.03 na 9.35 pana uwanja mkubwa sana na humo ndani ndo wanacheza wanavyotaka, huyu wanampa hivi yule wanampa vile.

Wengine mtakumbuka Aprili 2 2021, watu tumeamka tunakuta vifurushi vimepanda kila mtandao, kelele zilizopigwa siku ile sijawahi kuona, waziri wa mawasiliano alikuwa Ndugulile (marehemu sasa, Mungu amrehemu), haikufika jioni TCRA wakaamuru virudishwe vya zamani. Lakini kwenye miongozo ile ile kulikuwa na vitu vizuri watu hawavitumii, wanatakiwa wakujulishe bando likifika asilimia 75 na likiisha, na unaweza kumhamishia mwenzako MB ulizobakiza. Mwambie dogo ajiunge kwake akuhamishie basi, kama menyu yake inaruhusu kwa hiyo ofa, maana nyingine za "kwako tu" unakuta hazihamishiki.

Na nyie vijana mnaosema zamani kulikuwa na nafuu hamkumbuki. Kabla ya 2013 ukinipigia toka mtandao mwingine, kampuni yako ilikuwa inailipa kampuni yangu sh 112 kwa dakika. Ndo maana tulitembea na simu tatu, moja ya mke moja ya kazini moja ya kijijini, kila ukoo una mtandao wake. Machi 2013 ikashushwa hadi 34.92, 2018 ikawa 15.60, kufika 2022 ikawa sh 2. Mnavyoona kifurushi cha dakika za mitandao yote mnadhani ni roho nzuri ya makampuni, hapana, ni hiyo namba imeshuka.

Tola_wa_Buzuruga:

Nyie mnaongelea MB mi hapa simu yenyewe imejifunga, nimechelewa rejesho siku mbili tu kioo kimeandika lipia uendelee kutumia. Nina abiria wananitafuta siwezi hata kuwaona. Naandika na simu ya shemeji.

Wazungu wana mikataba, sisi mkataba wetu ndo huu wa simu ya mkopo. Kutoka kwenye mtandao huwezi mpaka umalize.

HamaHama_Dom:

Dada mi nimehama 2022 nakupa yote bila kuficha maana niliposoma huku kabla sijahama kila mtu alikuwa anasema "ni rahisi tu" wakaishia hapo.

Kuhama kwenyewe kweli rahisi. Huduma ipo toka Machi 2017. Unaenda dukani kwa ule mtandao UNAOHAMIA, siyo unaotoka (wengi wanakosea hapa wanaenda kuaga, unaaga nini sasa), unaenda na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na vidole vyako, wanakupa laini mpya, unatuma neno HAMA kwenda 15080 kwa laini yako ya zamani, unasubiri. Mi sikulipa hela yoyote zaidi ya laini. Mchana nikiwa nakula ile ya zamani ikaandika hakuna huduma, nikaweka mpya, nikawa hewani na namba yangu ile ile.

Shida ziko kwingine. Kwanza salio na bando ulilobakiza haliendi na wewe, limalize. Kama umekopa vocha lipa. Pili, na hii isome mara mbili, hela yako ya kwenye simu haihami. Namba inahama, akaunti ya pesa haihami. Toa yote kabla, halafu unafungua upya kule unakoenda kama mtoto mchanga. Mi nilikuwa na kikomo cha kukopa laki mbili na nusu kwenye ule mtandao wa zamani, nilikijenga taratibu miaka minne, nakopa nalipa nakopa nalipa. Kufika kule nikaambiwa naanzia elfu tano. Elfu tano!! Mtu mzima na familia.

Tatu, watu watachanganyikiwa. Namba yako inaanza na tarakimu za mtandao wa zamani, kwahiyo mteja ana dakika za mtandao wake kwa mtandao wake anakupigia akijua uko ndani, zinamkata za nje anakulaumu wewe. Na wa mitaani wanaotumia wakala utasikia "mbona namba ya hivi inaniambia mtandao mwingine, wewe ni tapeli?" Imenitokea mara nyingi tu mpaka nikazoea kusema mapema nimehama.

Bando? Miezi mitatu ya mwanzo nilikula vizuri mno. Mwezi wa nne menyu ikaanza kunywea. Nikawa mke na huku.

DadaVitenge_Mza:

HamaHama asante sana umenitoa jasho. Hapo kwenye kikomo cha kukopa ndo umenigusa. Mi kikomo changu kimefika laki tatu na ndicho kinachonitoa kwenye mzigo, mtu wa jumla akinipigia saa kumi na mbili asubuhi "nimeshusha balo" sina muda wa kutafuta mtu wa kunikopesha, nachukua kwenye simu namtumia jioni nimeuza narudisha. Na lipa namba ya dukani (ile wateja wanalipia kwa simu) ni ya hao hao, nimeibandika kwenye kioo na ubao mpaka jua limeifubaza.

Kumbe ndo maana hawana haraka na mimi.

Mzee_wa_Posta:

Sasa umepata jibu mwenyewe. Wewe siyo mteja wa MB, wewe ni mteja wa pesa, MB ni kachumbari. Wanajua kabisa mtu mwenye deni linalozunguka na lipa namba kioo kizima hahami kwa sababu ya MB 230.

Ila lipa namba isikutishe sana, siku hizi mtu anakulipa toka mtandao mwingine na toka benki, mitandao ilianza kuingiliana 2014 na sasa BoT (benki kuu) wana TIPS yao inayounganisha benki na mitandao. Hata ukiwa na simu ya mtandao mwingine lipa namba inaweza kubaki ilipo, hiyo ni akaunti ya biashara. Kaulize kwanza kabla hujabandua kibandiko.

Mswahili_Likoni:

Salaam toka Mombasa. Nimesoma hapa nikacheka maana ni hadithi yetu hii, nyinyi mwaisimulia upya.

Huku kwetu kuhama na namba kulianza Aprili 2011, tena kulipiwa shilingi 200, na kelele zilikuwa nyingi magazetini kwamba sasa watu watahama. Watu hawakuhama bwana. Kwa nini? Mpesa. Mamangu hata umwambie huku simu ni bure atakuuliza na Mpesa yangu je.

Halafu kuna hizi Bonga Points za Safaricom, kila ukitumia shilingi 10 wapata pointi moja. Mimi nilikusanya miaka mingapi sijui nikachukua simu ya tochi kwa pointi tupu, ndugu yangu furaha niliyokuwa nayo utadhani nimepewa gari, na ukipiga hesabu ya shilingi nilizokula mpaka kufika pale ningenunua zile simu hadi nigawe harusini. Mwaka 2022 Safaricom wakatangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa kuanzia Januari 2023, watu wakapiga mayowe, mpango ukasimamishwa. Hapo ndipo nilipojua kumbe zile pointi kwao ni deni.

Dada yangu shauri yangu mimi ni moja, usihame, ongeza. Simu yako si ina matundu mawili ya laini? Moja pesa na wateja, ya pili tafuta mtandao wowote ule unaotoa intaneti kwa bei nzuri mwezi huo. WhatsApp haijali intaneti yatoka laini gani, namba yabaki ile ile. Mimi hivyo ndivyo niishivyo, na huku tuna bando zisizoisha muda toka 2019, ni ghali kidogo lakini zalala na mimi zaamka na mimi.

kibuyu2010:

Likoni hapo kwenye mamangu na Mpesa umenimaliza.

Na dada hili la laini ya pili mbona rahisi, ila usisajili nyingine ya mtandao huo huo ukidhani utapewa ofa ya dogo, kuna masharti ya idadi ya laini kwa mtu mmoja kwenye mtandao mmoja, watakuzingua. Chukua mtandao tofauti. Halafu piga *106# uone kama hakuna laini zingine zimesajiliwa kwa NIDA yako, mi nilikuta mbili sizijui.

BinMsafiri_Leicester:

Mimi nipo Uingereza mwaka wa tisa, msidhani huku wametuonea huruma. Huku wameipa kabisa jina, adhabu ya uaminifu. Mwaka 2018 shirika la kutetea wananchi, Citizens Advice, walipeleka malalamiko rasmi kwamba wateja wa zamani wanalipa zaidi kuliko wapya kwenye simu, intaneti ya nyumbani, bima, mikopo ya nyumba na akiba za benki, wakapiga hesabu ni zaidi ya pauni bilioni 4 kwa mwaka.

Kwenye simu ilikuwa hivi, unachukua simu kwa mkataba wa miezi 24, ndani ya bili kuna hela ya simu na hela ya laini zimechanganywa. Miezi 24 inaisha, simu umeshailipa yote, bili inaendelea ile ile. Mimi mwenyewe nililipa miezi saba ya ziada simu ambayo ni yangu tayari, kampuni siitaji na sina hamu nayo. Hakuna aliyenipigia. Nilijua siku mke wangu (anaangalia kila senti huyo mama) aliponiuliza hii pauni 38 ni ya nini.

Na katikati ya mkataba walikuwa wanapandisha bei kila mwaka kufuatana na mfumuko wa bei, unasaini hujui mwakani utalipa ngapi. Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano huku, ikaja kuzuia kuanzia Januari 2025, mikataba mipya lazima iandikwe kwa pauni na senti itapanda kiasi gani na lini. Bado inapanda, ila unaiona inakuja.

Kitu kimoja walichofanya vizuri, toka 2019 unatuma neno PAC kwenda 65075 unarudishiwa msimbo, unaupeleka kwa kampuni mpya, siku moja ya kazi umehama. Kama hiyo HAMA yenu. Na hapa ndo nataka kumwambia dada, mimi nikiomba ile PAC, ndani ya saa moja nimepigiwa na mtu ambaye sijawahi kumsikia maisha yangu, anaitwa sijui idara ya kubakiza wateja, pauni 38 ikawa 14. Kumi na nne! Simu moja tu. Nikamuuliza jana ulikuwa wapi.

Kwahiyo kibuyu na begi lake mlangoni hajakosea.

HamaHama_Dom:

Idara hiyo huku kwetu ipo lakini haipigi simu, inatuma meseji. Ukizima laini au ukiacha kujiunga wiki mbili tatu utaona "TUMEKUKUMBUKA". Mashine inaona umepungua inakurushia chambo. Jaribu dada, usihame, wanyamazie tu. Ila usiizime maana wateja, we acha tu kununua bando kwao.

Tola_wa_Buzuruga:

Imefunguka wakuu. Elfu tatu. Nipo barabarani.

DadaVitenge_Mza:

Wakuu nimerudi, leo wiki ya tatu, samahani kwa kimya ulikuwa msimu wa harusi.

Nilifanya ya Likoni. Nikachukua laini ya mtandao mwingine nikaiweka tundu la pili, intaneti nikaiwasha huko, hii ya zamani nikaiacha ya kupokea simu na hela tu. Siku ya kwanza nilikosea mipangilio intaneti ikawa inakula salio la laini ya zamani bila bando, elfu mbili na mia saba ikayeyuka kabla sijamaliza kupakia picha nne, nikakaa kwenye kiti nikainama. Dogo akanirekebishia kwa simu toka chuoni. Mkifanya hivi hakikisheni ile sehemu ya intaneti kuhama laini yenyewe mmeizima, iko kwenye mipangilio ya SIM.

Baada ya hapo mambo mazuri. Laini mpya inanipa MB nyingi kama ya dogo, najua ni ya kutongozwa, nakula tu. Kikomo changu cha laki tatu kiko palepale, jumatano nimekitumia kuchukua balo.

Lipa namba nilienda kuuliza, Mzee uko sahihi, haihusiani na intaneti natumia ya nani.

Sasa sikilizeni. Jana saa mbili usiku nafunga duka, meseji imeingia kwa laini ya zamani, jina langu la kwanza wameliandika vizuri kabisa, wananiambia mteja wetu wa thamani tumekuandalia ofa yako pekee, buku MB 480 masaa 24, kwa siku saba tu.

kibuyu2010:

Hahahahaha MB 480 ile ile!! Usiguse dada. Ukigusa tu mashine inajua umerudi nyumbani, jumatatu ijayo uko kwenye 250.

Mswahili_Likoni:

Wallahi usiguse.

DadaVitenge_Mza:

Jamani nimeshajiunga. Nilikuwa na picha 30 za mzigo mpya.